Mlango wa Kwanza Ulikuwa Umefungwa

2 Februari

Wifi yangu Jemadari,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Simu yangu Kidoti ameiogesha. Nilimkuta ameizamisha kwenye ndoo ya nepi, anaisugua kwa sabuni na kuimba juu yake, na ungeuona uso wake ungejua alidhani ananisaidia. Basi mpaka nipate nyingine tutaandikiana kama wachumba wa zamani. Mwandiko wangu usiucheke, shule unajua niliiacha ningali naipenda.

Sisi wazima. Mdogo wako anakula, analala, anakoroma. Kidoti anaota meno, kila kitu anakiuma, hata baba yake.

Sasa kilio changu. Tangu ulipohama kumfuata shemeji kwenye kazi yake mpya, kikundi chetu cha kulea watoto kimebaki kama chungu kilichoondolewa mafiga. Wiki iliyopita tukakaa kumchagua kiongozi. Katikati ya maneno Kidoti akachafuka, nikatoka nje kumbadilisha. Narudi, nasikia makofi. Nikapiga na mimi, nikamuuliza Mama Pacha, "Tumempata nani?" Akasema, "Wewe."

Hata sijameza mate, akaingia Mzee Funguo mwenye nyumba, na lile fungu lake la funguo kiunoni linalomtangulia kama kengele ya mbuzi. Akazunguka chumba chetu cha watoto anagusa kuta. Rangi imebabuka, madirisha hayana pazia, rafu zimeanguka. Akasema ikifika mwisho wa Februari hakijafanana na chumba cha watu, anampa muuza vitunguu afanye ghala. "Vitunguu havilii ovyo," akasema. "Vinaliza wengine."

Wifi, bila chumba kile mimi nimekwisha. Mama Dobi amenishikia nafasi yangu ya kupiga pasi mpaka mwezi ujao uanze, baadaye anaweka mtu mwingine. Na pale kwake huwezi kuingia na mtoto anayetambaa, pasi zina moto na maji yanachemka. Siko peke yangu. Kina mama wote wanaoacha watoto pale asubuhi watafanya nini?

Nikaitisha mkutano. Nikaeleza yote, nikalia kidogo, nikauliza nani atajitolea Jumamosi tutengeneze chumba. Walinipigia makofi! Walisema nimesema vizuri sana. Jumamosi ilipofika tulikuwa mimi, Kidoti na ufagio.

Wewe ulikuwa unawafanyaje mpaka wanakuja? Niambie siri yako.

Wifi yako,
Mama Kidoti


6 Februari

Mama Kidoti wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikacheka mpaka jirani wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa. Leo anafua. Ana ndoo ya buluu yenye mpini wa kamba, na huanika mashuka kwanza, nguo za watoto mwisho.

Hongera kwa cheo. Mimi pia nilichaguliwa nimeinama natafuta kiatu.

Kosa lako ni moja tu, uliwaita wote. Ukiwaita wote hujamwita mtu. Kila mmoja anamtazama mwenzake, anasema huyu ataenda. Toka uende mlango kwa mlango, mwangalie mtu machoni, mpe kazi anayoijua. Dada wa cherehani mpe mapazia. Seremala mpe rafu. Mpishi wa mgahawani mpe uji wa kuwanywesha wafanyakazi, maana tumbo likianza kuongea mikono haisikii. Fundi rangi mpe kuta. Samaki humfundishi kuogelea, unamwonyesha maji tu.

Na usilie! Kiongozi akilia watu humpa leso, hawampi mkono.

Mimi huku niko mbiombio. Wamesikia sifa zangu, kila kikundi kinanivuta kwake, sina hata nafasi ya kukohoa. Ndiyo maana naandika kwa kifupi. Mbusu Kidoti kwenye kile kidoti chake.

Wifi yako mkubwa,
Jemadari


11 Februari

Wifi,

Nijibu haraka, nimeharibu.

Nilifanya kama ulivyosema. Milango ile minne si imepangana barabara moja? Dada wa cherehani, kisha Seremala, kisha Mpishi, kisha Fundi rangi. Mimi nikiwa na wasiwasi maneno hunikimbia, kwa hiyo nilijikaririsha njiani kwa wimbo wa kumbembelezea mtoto: mapazia, rafu, uji, kuta, lala mwanangu lala. Mapazia, rafu, uji, kuta. Kidoti mgongoni analia kwa sababu ya lile jino, jua limetusimamia utosini, na mimi naimba.

Kufika mlango wa kwanza, umefungwa. Dada wa cherehani ametoka kununua uzi. Nikapita. Lakini wimbo, wifi, wimbo haukupita na mimi! Ulibaki pale pale mwanzo.

Nikaingia kwa Seremala, mdomo ukasema, "Mjomba, Jumamosi tunakuomba utushonee mapazia."

Akaacha kupiga randa. "Mapazia? Mimi?"

Nikasema ndiyo mjomba, tunakutegemea wewe. Akageuza mikono yake akaitazama mbele na nyuma kama kwamba amegawiwa leo. Kisha akauliza polepole, "Ya maua au ya mistari?"

Nami nikajibu ya maua! Sikushtuka hata kidogo, Kidoti alikuwa ananivuta nywele. Nikaenda kwa Mpishi nikamwomba rafu. Akauliza nyundo aje na yake au ipo. Fundi rangi nikamwomba uji, akafikiri, akasema, "Sukari nyingi au kidogo?" Wakati wa kurudi namkuta dada wa cherehani amekwisha kufungua, na mimi kinywani nimebakiwa na kuta. Akasema, "Ukuta mzima? Peke yangu?" Macho yamemtoka. Nilidhani amekasirika, nikaaga mbio.

Nimekuja kugundua nikiwa nyumbani nakamua nepi. Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Sasa nifanyeje? Nikirudi kuwaambia nimekosea wataniona punguani, nao wameniitikia vizuri. Nisiporudi, chumba kitakuwa kituko, na Mzee Funguo anakuja kukagua. Mdogo wako nimemwambia, amecheka mpaka akaanguka kitandani, na hapo hapo akalala.

Mama Kidoti


13 Februari

Mama Kidoti,

Rudi! Iweke chini barua hii, mbebe mtoto, urudi kwenye milango yote minne leo hii. Umemtuma chura akaruke angani na kunguru akazamie mtoni. Seremala na mapazia! Yule vidole vyake kama mihogo, uzi atauona wapi? Mtu huombwa alichonacho, hiyo ndiyo kanuni, nimeifuata maisha yangu yote. Waambie mtoto alikuwa mgonjwa ukachanganyikiwa. Hawatakucheka, na wakikucheka si utapona?

Naandika mbiombio, natoka kwenye kikao kimoja naingia kingine.

Jirani wa ndoo ya buluu leo hakufua. Wenzake wamemjia na mafagio, wakaondoka wote wanacheka, hata dirisha hakufunga. Walipita hapa chini ya dirisha langu. Sijui wanakwenda wapi siku kama ya leo.

Kimbia!

Jemadari


16 Februari

Wifi yangu,

Barua yako imefika leo, Jumatatu, mambo yamekwisha kuwa. Na usiku wa kuamkia Jumamosi sikuwa na ujasiri wa kumwendea mtu. Nikasema potelea mbali, nibebe ufagio wangu niende.

Nafika, mlango uko wazi. Dada wa cherehani amefika kabla yangu! Amejifunga kitambaa kichwani, amekwisha kusugua ukuta, anaukabili na brashi kama bibi harusi anayengoja kuitwa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia, dada yangu, nilikosea, wewe nilikupangia mapazia.

Akanikatiza. "Mama Kidoti, wiki nzima nainama. Upindo, kifungo, upindo, kifungo. Jumamosi ungenipa tena sindano ningekuambia naumwa." Akanyoosha mkono wenye brashi mpaka juu kabisa, akavuta mpaka chini. "Ona hii. Sijainama!"

Akaingia Seremala na kitambaa cha maua begani, penseli sikioni, na mita ya kupimia mbao. Kumbe siku ile ile alikwenda kununua kitambaa mwenyewe. Mkewe, anasema, alidhani anaoa. Nikamuuliza mjomba, hukukasirika? Akasema, "Nimeishi na mbao, nimelalia mbao, na nikifa mtanizika ndani ya mbao. Niacheni nishike kitu laini kidogo." Aliukunja upindo kwa pembemraba, kile kipimo chake cha kona, wifi. Halijapata kuonekana pazia lililonyooka vile. Uzi alitungiwa na Kidoti? Hapana, nakutania, nilimtungia mimi.

Sasa sikia ajabu yenyewe. Mpishi alianza kugongelea rafu. Alipiga kidole, akapiga ukuta, akapiga kidole kingine. Seremala anashona kimya, lakini kila nyundo ikilia anajikunja kama amechomwa sindano, na kweli alikuwa anajichoma. Mwisho akatupa pazia. "Wewe! Msumari hausongwi kama ugali! Lete hapa nikuonyeshe." Akaenda akamshika mkono. Huku nyuma dada wa cherehani ameona mishono aliyoiacha, akashuka ngazini na brashi yake, "Mjomba, hii ni nguo au ni wavu wa samaki?" Akakaa akamwonyesha. Fundi rangi naye alikuwa jikoni anakoroga uji, akimaliza kila mzunguko anafuta mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kulia, kushoto, usidondoke. Akatokea mlangoni, akaona ukuta, akashika kichwa. "Dada, unapaka rangi au unampaka mtoto mafuta?" Na alipokwenda kumsaidia, uji ukaanza kuungua, Mpishi akatupa nyundo akakimbilia jikoni!

Umeona, wifi? Kazi zao walizifanya zote. Ningewaomba wasingekuja. Ila mtu akiona mwenzake anaiharibu kazi yake anayoijua, hawezi kukaa, anakuja mbio na anakuja na raha, maana amekuwa mwalimu.

Walipiga kelele, wapita njia wakaanza kuchungulia. Mama Pacha akaja kuuliza nani anapigwa. Nikataka kumpa watoto wa kushika, nikauma ulimi. Nikamuuliza, "Mama Pacha, wewe ungependa kufanya nini?" Akasema, "Watoto ninao mpaka kwenye mifuko. Nipe bisibisi." Amefungua kitasa cha mlango chote, akakipaka mafuta, akakirudisha. Amebakiwa na skrubu moja mkononi lakini mlango unafunga.

Uji ulikuwa na mabonge. Tuliunywa wote. Rafu moja imelala upande, ukiweka mpira juu unashuka wenyewe mpaka mwisho, na watoto waliokuja na mama zao hawakutaka kitu kingine.

Bado ukuta mmoja na pazia moja. Bado Mzee Funguo. Niombee.

Wifi yako mwenye rangi nyusini,
Mama Kidoti


20 Februari

Mama Kidoti,

Haya. Nimeshindwa, na sisemi tena.

Siri yangu ndogo nikuambie: barua yako nimemsomea shemeji yako akiwa anavaa kwenda kazini, akacheka akakosea vifungo, akatoka hivyo hivyo. Baada ya kuondoka nikaisoma tena peke yangu. Ile ya "msumari hausongwi" nimeisema kwa sauti chumbani.

Huku kazi nyingi kama kawaida. Jirani wa ndoo ya buluu amenunua kamba mpya ya kuanikia. Mtoto wake mdogo amejifunza kupiga mluzi, anapiga kuanzia asubuhi, na mkubwa hurudi shule na soksi moja. Wale wa mafagio wamepita tena Jumatano. Yupo mmoja mfupi anayewaongoza, msichana tu, ana sauti kama tarumbeta.

Mzee Funguo usimwogope. Anapenda kuogopwa, ukimnyima hicho atatafuta kitu kingine cha kupenda.

Jemadari


1 Machi

Wifi yangu,

Naandika huku mikono inanukia wanga wa mashuka. Kesho naanza kwa Mama Dobi! Leo aliniita nijaribu pasi mpya. Umekwisha kujua basi, lakini acha nikusimulie, usininyime raha.

Jumamosi ya pili walirudi wenyewe. Sikumwita mtu. Seremala alisema hawezi kulala dirisha moja likiwa uchi. Mpishi alikuja kunyoosha rafu yake, akaipinda zaidi. Na kila mmoja alikuja na mwenzake wa kumcheka, na wa kucheka wote nikawauliza lile swali, wewe ungependa kufanya nini? Dereva wa lori la taka, yule asiyesalimia watu, akasema angependa kusimulia hadithi. Wifi, yule baba ana sauti za wanyama wote! Sasa Jumanne asubuhi kabla ya zamu yake anakaa na watoto, na Fundi rangi anawapikia. Uji wake umeacha mabonge.

Jana akaja Mzee Funguo, na nyuma yake muuza vitunguu anapima chumba kwa macho. Mzee akagusa ukuta. Akavuta pazia. Akafungua mlango akafunga, akafungua akafunga. Sisi tumejipanga kama watoto wa shule. Akasema, "Mmejitahidi. Lakini vikundi vyenu navijua, ni moto wa mabua. Leo mnawaka, mwezi ujao majivu."

Nilitaka kulia, nikakumbuka maneno yako ya leso. Kidoti alikuwa ananitambalia begani. Nikamwambia, "Baba, nishikie huyu kidogo nikuonyeshe dirisha la nyuma." Nikampa kabla hajakataa.

Nimerudi kutoka dirishani, hakunifuata. Amesimama pale pale kama nguzo. Kidoti amekamata fungu la funguo lote, anakunia jino lake kwenye ufunguo wa chumba hiki, anamtazama Mzee usoni, ametulia. Muuza vitunguu akasema, "Mzee, nipe basi ufunguo wangu tumalize." Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Na funguo nitazipataje? Huoni mtoto anazitumia?"

Wakangoja. Kidoti akalala. Muuza vitunguu akachoka, akatucheka, akasema ghala zipo nyingi, akaenda zake. Nikamuuliza Mzee lile swali langu. Akamweka Kidoti vizuri begani. Akasema wanawe walikua yeye akiwa safarini kutafuta riziki, hakuna aliyemlalia begani. Leo asubuhi amekuja tena, hana funguo kiunoni. Anasema zinawaamsha watoto.

Chumba ni chetu, wifi. Chetu!

Sasa nakuja kwako, na usinikasirikie, nasema kwa mapenzi. Barua zako nimezipanga kitandani nikazisoma zote pamoja. Nimejua jirani yako anafua lini. Nimejua ndoo yake, kamba yake, soksi ya mwanawe. Nimejua yule mfupi mwenye tarumbeta. Lakini jina la mtu hata mmoja sijalisoma, wala hujataja kazi ya kikundi hata kimoja unachokimbilia. Mtu asiye na nafasi ya kukohoa anaonaje soksi?

Jemadari wangu, umekaa dirishani. Tangu ulipofika umekaa hapo.

Sikusemi. Ningekuwa karibu ningekuja na Kidoti tukae dirishani pamoja nawe. Lakini niko mbali, nina swali tu, lile lile. Usinijibu kuongoza, maana hiyo ndiyo cherehani yako, umeiinamia miaka yote. Wewe ungependa kufanya nini?

Wifi yako akupendaye,
Mama Kidoti


9 Machi

Mama Kidoti,

Barua yako nilikaa nimeinunia siku nzima. Nikaitia chini ya godoro. Nikaitoa. Nikamwambia shemeji yako, huyu mtoto wa juzi amenikosea adabu. Akasema, "Amekosea adabu au amekosea maneno?" Nikaenda kuisoma tena.

Ni kweli. Hakuna aliyenigombania. Nilifika hapa nikakaa nikingoja wasikie sifa zangu wanibishie hodi, na sifa hazikupanda lile basi pamoja na mimi. Nikaona haya kukuambia. Mimi niliyekuwa nawakemea watu kwa kutojitolea! Mlango wa kwanza uliokuwa umefungwa, wifi, ulikuwa wangu.

Jumatano walipopita na mafagio nikashuka. Ngazi zenyewe nilishuka kama naenda kupasuliwa. Nikasema, "Jamani, nami naweza kuja?" Yule wa ndoo ya buluu akacheka, akasema, "Kumbe unaongea! Sisi tulidhani unatukagua tunavyofua." Wamekuwa wakianika mashuka mbele kwa ajili yangu, nisione nguo za ndani!

Wanafagia uwanja wa zahanati, wanapanda na maua. Yule msichana mfupi akanipa fagio, akanionyesha linavyoshikwa. Mimi! Nilifunga kinywa mpaka taya likaniuma. Akaniambia, "Mama, anzia pale kwenye ukuta, ukifika mtini nitakuambia." Nikaanzia pale. Nilipofika mtini akaniambia.

Umeniuliza ningependa kufanya nini. Hicho hicho. Hujui raha ya kuambiwa anzia pale, na mwisho akaujua mtu mwingine.

Kwenye kona wanafagia vibaya sana, wanaacha majani. Sijasema kitu. Ila leo nitainama nifagie kona moja kwa namna yangu, mbele ya macho yao, nione kama kuna atakayekuja mbio kunifundisha.

Nilitaka kukuandikia mengi kuhusu Kidoti na jino lake, na Mama Dobi, lakini wako chini ya dirisha wananiita, na yule wa tarumbeta hapendi mtu achelewe. Hebu sikia wanavyoniita. Jina wamenipa wao, sikuombwa ushauri.

Wifi yako,
Mama Dirisha